Wake wenza wa Wamormoni wa mwanzo: siri iliwaumiza kuliko uke wenza wenyewe

Nyaraka za Kale (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mada ya mitala ikiletwa humu jukwaani huishia kuwa ugomvi wa wanaume: nani anaruhusiwa wangapi, kitabu gani kinasema nini. Leo naomba tuwasikilize wake. Nachukua Marekani ya karne ya 19, kwa Wamormoni, yaani Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Nimewachagua kwa sababu wanawake wale walijua kusoma na kuandika, na waliandika mno: shajara, barua, ushahidi mahakamani, hata gazeti lao wenyewe. Jamii za mitala ziko nyingi duniani, lakini ni chache ambazo wake wametuachia maandishi ya mikono yao kiasi kile.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mnibishie vizuri. Ninavyowasoma, kilichowavunja akina mama wale zaidi ni siri. Kumgawana mume kuliwauma, hilo halina ubishi. Lakini mitala ilipofanywa kwa kificho, mke alibaki hana pa kulilia, hana wa kumuuliza, na mara nyingine alilazimika kudanganya kwa kinywa chake. Ilipokuwa wazi, wapo walioizoea, wapo walioitumia kujijenga, na wapo walioikimbia kwa talaka.

Tuanzie Nauvoo, mji wa Illinois ukingoni mwa mto Mississippi. Joseph Smith alikuwa ameanzisha kanisa mwaka 1830, na mkewe Emma Hale alikuwa naye tangu 1827, kabla hata kanisa halijazaliwa. Huyu mama alifukuzwa mji baada ya mji pamoja na mumewe na kuzika watoto kadhaa wachanga. Aprili 1841 Joseph akamwoa kwa siri Louisa Beaman. Alipouawa Juni 1844 wanahistoria wanahesabu wake kati ya 30 na 40, na kanisa lenyewe mwaka 2014 lilichapisha maelezo rasmi yanayokiri jambo hilo. Baadhi ya wanawake hao walikuwa tayari wameolewa na wanaume wengine walio hai.

Sasa tazameni kisa kimoja kwa karibu. Tarehe 17 Machi 1842, ghorofani kwenye duka la matofali mekundu la Joseph, wanawake wanaanzisha chama chao. Mwenyekiti ni Emma. Katibu ni Eliza R. Snow, mshairi, mwanamke msomi anayeheshimika mji mzima. Tarehe 29 Juni mwaka huohuo Eliza anafungishwa ndoa ya siri na Joseph. Agosti anahamia kuishi nyumbani kwa Emma. Miezi ile yote anaendelea kuandika kumbukumbu za mikutano ambamo Emma anawahimiza wanawake walinde maadili na wasinyamazie maovu. Mwenyekiti anazungumza, katibu anaandika, na katibu ni mke mwenzake wala mwenyekiti hajaambiwa.

Mimi kisa hiki kinanikera kuliko hesabu ya wake. Na sioni kwamba Eliza alikuwa mwovu. Aliamini ameagizwa na Mungu kupitia nabii, yaani Joseph, na aliamini akifungua mdomo nabii atauawa. Ila fikirieni mzigo wa kukaa meza moja na mtu na kumficha jambo kama lile.

Nitaendelea. Karibuni.

Bint Pangani

Ahsante mkuu kwa uzi. Swali: Emma hakujua kabisa? Maana mwanamke ndani ya nyumba hafichwi muda mrefu. Na je, aliwahi kuombwa ruhusa?

Nyaraka za Kale

Dada, alijua vipande vipande, na namna alivyojua ndiyo iliyomvunja.

Kuna mabinti wawili, Emily na Eliza Partridge. Baba yao alikuwa askofu wa kwanza wa kanisa, akafariki 1840. Wakachukuliwa nyumbani kwa akina Smith, Emily akawa analea mtoto mchanga wa Emma. Machi 1843 Joseph akawaoa wote wawili kwa siri, Emily akiwa na miaka 19. Miezi miwili baadaye Emma, baada ya kusemeshwa sana, akakubali mumewe aoe wake wengine kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayewachagua. Akawachagua nani? Haohao mabinti wa Partridge, anaowaona kila siku na kuwaamini. Basi ndoa ikafungwa upya mbele yake, kana kwamba ile ya Machi haikuwapo. Emily mwenyewe alilisimulia hilo uzeeni, tena kwa kiapo mahakamani mwaka 1892. Emma akaghairi karibu papo hapo, na baada ya miezi michache mabinti wakaondoka kwake.

Kwa hiyo ruhusa aliitoa, ila kwa jambo lililokwisha kufanyika.

Julai 1843 ukaandikwa ufunuo, ambao leo ni sehemu ya 132 ya Mafundisho na Maagano, kimojawapo cha vitabu vya maandiko vya kanisa. Hyrum, kaka yake Joseph, alijitolea kumpelekea Emma akiamini atamlainisha. Alirudi akasema hajawahi kugombezwa vile maishani mwake. Ufunuo wenyewe unamtaja Emma kwa jina: unamwamuru ashikamane na Joseph peke yake, na usipofuatwa, ataangamizwa. Someni hapo kama wake. Mume ndiye anayeusema ufunuo, na ndani yake mkewe anaonywa na Mungu kwa jina.

Baada ya Joseph kuuawa, Emma hakuwafuata wengine waliohamia magharibi, Utah. Alibaki Nauvoo, akaolewa na Lewis Bidamon Desemba 1847. Na hadi mwaka aliokufa, 1879, aliwaambia wanawe kwamba baba yao hakuwa na mke mwingine. Wengi humwita mwongo kwa hilo. Mimi naona mama aliyechagua kitu gani wanawe warithi. Na kuna jambo linaloonyesha moyo wake: Bidamon alizaa nje ya ndoa, Emma akamlea mtoto yule nyumbani kwake, na kabla hajafa akaomba mumewe amwoe mama wa mtoto.

Wanjiru wa Nakuru

Hapo kwa ruhusa mmenikumbusha mwaka wa 2014 kwetu Kenya, wabunge walipoondoa kwenye mswada wa ndoa kile kipengele cha mke wa kwanza kukubali. Wabunge wanawake walitoka nje ya ukumbi. Hao Wamormoni sheria yao ilisemaje kuhusu mke akikataa?

Nyaraka za Kale

Dada Wanjiru, ufunuo uleule unajibu. Mke wa kwanza aombwe ridhaa, kwa mfano wa Sara aliyempa Ibrahimu Hajiri. Akikataa, mume hafungwi tena na ridhaa yake. Yaani anaulizwa, lakini jibu moja tu ndilo lenye nguvu.

Mzee wa Mkuranga

Mleta uzi heshima yako. Mimi nimekulia nyumba ya wake watatu. Kulikuwa na bi mkubwa, kulikuwa na zamu, kila mama na jiko lake, na sisi watoto tulikula kokote. Ugomvi ulikuwapo lakini nyumba ilisimama. Kwa nini hao wazungu waliona ni msiba?

Nyaraka za Kale

Mzee wangu shikamoo. Umetaja jambo ambalo waandishi wengi wa kizungu hulipita. Nyumba uliyokulia ilikuwa na mila nyuma yake. Bi mkubwa anajua nafasi yake, bi mdogo amefundwa na somo wake au shangazi, mume anajua zamu ikirukwa wazee watamwita.

Wanawake hawa walitoka Massachusetts, New York, Uingereza, Denmark. Hakuna hata mmoja ambaye mama yake au bibi yake aliishi hivyo. Hapakuwa na shangazi wa kumwambia mke mwenzako akija mpokee hivi, mume akichelewa sema hivi. Kila nyumba ilijitungia utaratibu. Kuna walioweka zamu za wiki, kuna waliokaa paa moja, kuna ambao mume aliwatawanya miji tofauti akawa anapita mara chache kwa mwaka. Brigham Young, aliyeliongoza kanisa baada ya Joseph, alijenga nyumba kubwa ya wake wengi mjini Salt Lake City mwaka 1856, kila mmoja na chumba chake, chakula mezani pamoja. Lakini wa kawaida hakuwa na nyumba kama ile.

Msome Patty Sessions, mkunga maarufu, aliyezalisha watoto 3,977 kwa hesabu aliyoiweka mwenyewe. Mwaka 1846, katika msafara wa kuhama Nauvoo, alikuwa na miaka 51. Mumewe David alikuwa ameleta mke mdogo, Rosilla. Shajara ya Patty kwa kawaida ni kavu kabisa: nimemzalisha fulani, nimefua, mvua imenyesha. Ghafla inaanza kueleza moyo mzito, kukosa usingizi, maneno ya mume, mke mdogo asiyetaka kusaidia kupika. Mama huyu anazalisha wake za watu kwenye mahema kwenye baridi, kisha anarudi hemani kwake hana wa kumfariji. Kabla mwaka haujaisha Rosilla alirudi Nauvoo. Na Patty mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliofungishwa ndoa ya siri na Joseph mwaka 1842! Siwezi kumweka kundi moja, la waliodhulumiwa au la walioshiriki.

Msomi Huru

Mkuu, napinga msimamo wako. Unaongelea siri, mimi naongelea mamlaka. Ulipomtaja Joseph umemruka Helen Mar Kimball. Binti wa miaka 14! Hata ndoa ile ingetangazwa sokoni, dhuluma ingebaki palepale. Mtu anayesema kwa niaba ya Mungu akimtaka binti yako, utasema hapana kwa mdomo gani?

Nyaraka za Kale

Hoja nzito, ndugu, na sikumruka, nilikuwa namleta.

Helen alifungishwa Mei 1843, miezi michache kabla ya kutimiza miaka 15. Baba yake, Heber C. Kimball, alikuwa mmoja wa mitume, na ndiye aliyempelekea habari. Binti aliambiwa kuwa hatua hiyo itauhakikishia ukoo wake wokovu. Mama yake, Vilate, moyo ulimuuma. Mumewe mwenyewe alikuwa ameshaoa kwa siri Sarah Noon. Hapo nakubaliana nawe moja kwa moja: binti wa miaka 14 akibebeshwa wokovu wa wazazi wake hajapewa nafasi ya kuchagua.

Lakini tazama yeye alilalamikia nini. Mwaka 1881 aliwaandikia wanawe, na ndani yake kuna shairi linalomkumbusha binti aliyezuiwa kwenda kucheza dansi na wenzake, akajiona ndege aliyefungwa. Hakuweza kuwaambia rafiki zake kwa nini haendi. Mwanamke huyuhuyu alichapisha vitabu viwili vidogo, 1882 na 1884, vya kuitetea ndoa ya mitala kwa nguvu zote. Kuna wanaosema alilazimishwa kutetea. Mimi nimemsoma nikamwamini katika yote mawili: aliumia, na aliamini. Kwao ndoa haikuishia kaburini. Iliwafunga watu na ukoo wao milele, na mateso ya hapa yalikuwa bei ya mbinguni. Bila kulielewa hilo hutamwelewa mwanamke hata mmoja kwenye uzi huu.

Na Zina Huntington je? Ameolewa na Henry Jacobs Machi 1841. Oktoba mwaka uleule anafungishwa na Joseph, akiwa na mimba ya Henry ya karibu miezi saba. Baada ya Joseph kuuawa anafungishwa na Brigham Young Februari 1846, na Henry amesimama pale kama shahidi. Kisha Henry anatumwa Uingereza kuhubiri, na mkewe akabaki upande wa Brigham. Barua za Henry za baadaye zinasomwa kwa shida, alimpenda mkewe hadi mwisho. Mamlaka unayoisema, Msomi, iliwapata hata wanaume wa chini.

Bint Pangani

Nimesoma habari ya katibu na mwenyekiti nikaishiwa nguvu. Endelea mkuu, Utah ilikuwaje?

Nyaraka za Kale

SEHEMU YA PILI: UTAH, MITALA IKIWA WAZI

Tarehe 29 Agosti 1852, Salt Lake City, mtume Orson Pratt anatangaza hadharani kwamba Watakatifu, yaani Wamormoni, wanaoa wake wengi. Siri imekwisha. Si kila mtu aliingia. Kwa makadirio ya wanahistoria familia zilizohusika zilikuwa kati ya moja ya tano na moja ya tatu kutegemea mji na mwaka. Wengi walioingia kama wake wa pili au wa tatu walikuwa mabinti wasio na baba, au wahamiaji maskini kutoka Ulaya waliofika hawana ndugu.

Uchungu haukuisha. Septemba 1856 Brigham Young alipanda mimbarini akasema amechoka na vilio vya wake, akawapa wiki mbili waamue: wabaki na waache kulalamika, au waende zao, wakiwemo wake zake mwenyewe. Kiongozi haongei hivyo mbele ya umati kama majumbani kuna amani.

Na wengi walikwenda kweli. Talaka kwa mwanamke wa Utah ilikuwa rahisi kuliko karibu popote Marekani wakati ule. Brigham Young alitoa talaka 1,645 katika uongozi wake, akitoza dola 10 kila moja, na mara nyingi wake ndio walioomba. Mwanamke aliyeachika hakutengwa, aliolewa tena. Mwanamke wa London enzi hizohizo angeweza kupigwa miaka 20 asipate talaka.

Mmoja wa wake wa Brigham, Ann Eliza Webb, alifungua kesi ya talaka mwaka 1873, kisha akazunguka Marekani akihutubia dhidi ya mitala. Alisikilizwa na maelfu. Sarah Pratt, mke wa kwanza wa yuleyule Orson aliyetangaza mitala hadharani, naye aliigeuka na akatengwa na kanisa mwaka 1874. Mumewe alikuwa ameendelea kuoa mabinti wadogo huku yeye anahangaika kulea watoto kwa umaskini.

Upande wa pili sasa. Ellis Shipp alikuwa na wake wenza watatu. Mwaka 1875 alikwenda Philadelphia kusomea udaktari, akawaacha watoto watatu Utah mikononi mwa wake wenzake, ambao pia walichanga pesa za karo. Alijifungua mtoto mwingine akiwa masomoni, akahitimu 1878, akarudi akafungua shule ya ukunga na uuguzi iliyofundisha wanawake karibu 500. Niambieni, mke wa peke yake mwenye watoto watatu mwaka 1875 angeondokaje? Uke wenza hapo ulimpa mtu wa kumwachia mtoto. Lakini shajara yake haina wimbo wa furaha tupu. Upweke umejaa humo pia.

Januari 1870 Bunge la Marekani likijadili mswada mkali dhidi ya mitala, maelfu ya wanawake walijaa kwenye jumba la ibada la Salt Lake City kuupinga. Mwezi uliofuata, tarehe 12 Februari, wanawake wa Utah wakapewa kura. Wapinzani wa kanisa kule mashariki walitarajia wake wataitumia kura hiyo kuiua mitala. Hawakufanya hivyo.

Halafu kuna Emmeline B. Wells, na kwa huyu naomba mtulie. Mume wa kwanza alimtelekeza Nauvoo akiwa binti. Akaolewa kama mke wa ziada na mzee Newel Whitney, akafariki. Mwaka 1852 akamwandikia yeye mwenyewe Daniel Wells, rafiki wa marehemu, kumkumbusha juu yake, akawa mke wake wa saba. Wake wengine walikaa nyumba kubwa, yeye alikaa kivyake na binti zake. Kuanzia 1877 alikuwa mhariri wa gazeti la wanawake wa Utah, na humo aliandika bila kuchoka kwamba ndoa ya mitala inamfanya mwanamke asimame kwa miguu yake. Usiku, kwenye shajara ya 1874, anaandika kwamba laiti mumewe angempenda hata kidogo tu, asimwangalie kama mtu asiyemhusu. Anatamani mtu wa kumwegemea na hana.

Wasomaji wengi wakifika hapo humwita mnafiki. Sikubaliani nao hata kidogo. Adui wa nje alikuwa anataka kulivunja kanisa lake na kuwaita watoto wake wanaharamu; mbele yake hakuweza kulia. Akalia kwenye daftari. Na kweli alisimama kwa miguu yake, sehemu kubwa kwa sababu hakuwa na bega la kuegemea. Uzeeni mume alimrudia kwa upole, na furaha yake imeandikwa mlemle kwenye shajara. Mume huyo akafariki 1891.

Mzee wa Mkuranga

Huyo Emmeline ni sawa na mama zetu wengi. Mbele ya wageni anasifu nyumba, usiku anakesha.

Wakili wa Kata

Mkuu, kisheria hao wake wa pili walikuwa na haki gani? Serikali kuu si ilikuwa haiwatambui?

Nyaraka za Kale

Hapo ndipo siri inaporudi, wakili. Mtanisamehe kwa urefu.

SEHEMU YA TATU: KUJIFICHA

Sheria ya kwanza ya kupiga marufuku mitala ni ya 1862, lakini haikuwa na meno, kwa sababu kuthibitisha ndoa iliyofungwa faraghani kulikuwa kugumu. Mwaka 1879 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya George Reynolds, ikaamua kwamba imani ya dini haimpi mtu ruhusa ya kuvunja sheria hiyo. Mwaka 1882 ikaja sheria mpya: haikuhitaji tena cheti cha ndoa. Kuonekana tu mwanamume anaishi na zaidi ya mwanamke mmoja kama wake kulitosha, kifungo miezi sita na faini ya dola 300. Wanaume zaidi ya 1,000 walifungwa.

Ushahidi ulitoka wapi? Kwenye mwili wa mke. Mimba ilikuwa ushahidi. Mtoto mchanga alikuwa ushahidi. Kwa hiyo aliyejificha zaidi ni mke mdogo: anabadilisha jina, anahamishwa nyumba hadi nyumba usiku, watoto wanafundishwa wasimtaje baba. Sheria iliyosemwa ni ya kumkomboa iliishia kumfukuza nyumbani kwake.

Belle Harris alikuwa na miaka 22 alipoitwa mahakamani mwaka 1883. Alikataa kujibu maswali kuhusu ndoa yake, akapelekwa gereza la Utah pamoja na mwanawe asiyefikisha mwaka. Alikaa humo karibu miezi mitatu na nusu.

Martha Hughes, daktari aliyehitimu Michigan mwaka 1880, aliolewa 1884 awe mke wa nne wa Angus Cannon. Kwa kuwa aliwazalisha wake wengi wa ziada, ushahidi wake ungewapeleka gerezani baba wa watoto hao. Mwaka 1886 akakimbilia Uingereza na binti yake mchanga. Barua zake kutoka huko zimejaa upweke na wivu juu ya wake wenzake. Mwaka 1896 aligombea useneti wa jimbo la Utah, mumewe naye akiwa mgombea wa chama kingine kwenye kura hiyohiyo. Martha akashinda, akawa seneta wa kwanza mwanamke katika jimbo lolote la Marekani. Mwandishi wa habari alipomhoji alisema mwenye mume wa wake wanne ana wiki tatu za uhuru kila mwezi. Jibu hilo hunukuliwa sana. Barua za Uingereza hazinukuliwi sana, na ndizo ninazoziamini zaidi.

Ila anayenikaa moyoni ni Annie Clark wa Farmington, mji wa Utah. Desemba 1883, akiwa na miaka 19, aliolewa Salt Lake City na Joseph Marion Tanner, mwalimu wake. Mke wa kwanza, Jennie, alikuwapo. Wakapanda treni pamoja wote watatu kurudi. Walipofika Farmington, Annie akashuka peke yake, mume na Jennie wakaendelea na safari. Hapakuwa na ngoma, hapakuwa na mgeni, maana hakuna aliyepaswa kujua. Alifika kwa wazazi wake wakiwa wamekwisha kula. Akakaa na maziwa na mkate, na akilini likamjia kwamba hii ndiyo karamu ya harusi yake. Aliandika hayo akiwa bibi kizee. Alizaa watoto kumi, akawalea karibu peke yake, kwa kilimo na kazi ya kuuguza watu, na mwishowe mumewe akaacha kabisa kuja Farmington.

Wakili, kuhusu haki: sheria za Utah zilikuwa zimewaruhusu watoto wa mitala kurithi. Sheria ya 1887 ikaifuta haki hiyo kwa watakaozaliwa baadaye, ikamruhusu mke kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, na ikawanyang'anya wanawake wote wa Utah kura, wa mitala na wasio wa mitala. Bunge likatoa pia dola 40,000 mwaka 1886 kwa ajili ya nyumba ya kuwahifadhi wake watakaokimbia mitala. Likajengwa jengo kubwa Salt Lake City. Waliokwenda ni wachache mno, likafungwa 1893. Waliolipanga hawakuwauliza wanawake wanahitaji nini. Mke mwenye watoto sita, shamba na ndugu zake pembeni hataki kitanda kwenye bweni la watu wanaoiita dini yake uchafu.

Msomi Huru

Mkuu bado nashikilia mamlaka, lakini nakiri hili la sheria ya 1882 kumwinda mke mjamzito sikuwahi kulifikiria. Baada ya kanisa kuacha mitala 1890, hao wake walikwenda wapi?

Nyaraka za Kale

Ndugu, tamko la 1890 la Wilford Woodruff, rais wa kanisa wakati huo, la kuacha mitala lilikuwa fupi, na halikusema neno juu ya wake waliokwisha kuolewa. Kila mume akalitafsiri kivyake. Kuna waliowatunza wake wote hadi kufa. Joseph F. Smith, rais wa kanisa wa baadaye (si yule mwanzilishi), aliliambia Bunge mwaka 1904 kwamba bado anaishi na wake zake watano na wamezaa watoto 11 tangu tamko. Kuna waliohamia Mexico na Canada. Na kuna waliobaki na mke mmoja, wakamwacha mwingine bila matunzo, bila talaka, wakisema wanatii sheria. Mke wa namna hiyo hakuwa na mahakama ya kwenda, kwa kuwa machoni pa sheria hakuwahi kuwa mke. Ndoa mpya za siri ziliendelea chinichini hadi tamko la pili la 1904, baada ya hapo aliyeoa alitengwa. Makundi ya mitala mnayoyasikia leo Utah na Arizona ni waliojitenga, si kanisa hili.

Binti Shaba

Jambo ndugu zangu, niko Lubumbashi, na mimi ni muumini wa kanisa hili. Kwetu Kongo tuko wengi, na tangu 2019 tuna hekalu Kinshasa. Kanisani tunafundishwa kwamba mume ni wa mke mmoja, mwenye wake wawili habatizwi. Historia hii ya akina Emma nimeijua nikiwa mtu mzima, na niliumia. Lakini mleta uzi, kuna jambo hujalisema. Hekaluni mwanamume aliyefiwa anaweza kufungishwa ndoa ya milele na mke wa pili, na wa kwanza akabaki wake. Mwanamke aliye hai hufungishwa kwa mume mmoja tu. Sisi wanawake tunaulizana: huko mbinguni nitakuwa na mke mwenza ambaye sikumkubali?

Nyaraka za Kale

Dada Shaba, ahsante kwa kuja na kusema wazi. Ulichosema ni kweli kwa utaratibu wa sasa, na sehemu ya 132 bado iko kwenye maandiko ya kanisa lenu. Wanawake wa Utah wanauliza swali hilohilo hadi leo, wengine kwa sauti, wengine kwa daftari kama Emmeline. Viongozi wamekuwa wakijibu kwamba hakuna atakayelazimishwa kuwa kwenye uhusiano asioutaka, na kwamba mengine yaachiwe Mungu. Kama mna darasa la akina mama huko Lubumbashi, lipelekeni swali hilo pamoja na maandishi ya akina Emily, Annie na Martha, msomeshane maneno yao wenyewe. Ningependa kujua wenzako watasema nini. Rudi hapa utuambie.

Bint Pangani

Nasubiri na mimi, dada Shaba.